Muulize Daktari Picha Itabadilisha Nini

Siku hizi familia ikiambiwa mgonjwa wao atapasuliwa, kinachoulizwa kwanza ni mashine. "Pale wana C-arm?" "Wanatumia matundu madogo au wanafungua?" "Nasikia India wanatoa uvimbe wa kichwani huku wanauona kwenye kompyuta." Siwalaumu. Zamani eksirei ilipigwa jana yake, ikabandikwa kwenye kisanduku cha taa ukutani, na daktari akaingia mwilini kwa kumbukumbu, vidole na uzoefu. Leo picha inapigwa mgonjwa akiwa mezani, kidonda kikiwa wazi, na daktari anafanya kazi macho yakiwa kwenye skrini.

Shida ni kwamba swali la mashine halikupi jibu unalolihitaji. Hospitali inaweza kuwa nayo na isiwe na mtu wa kuiendesha usiku. Inaweza kuwa nayo, lakini upasuaji wako usiihitaji. Au unaihitaji kwelikweli, ukakubali kwa furaha bila mtu kukueleza kwamba kuna mionzi, kuna dawa ya kuchomwa mshipani, kuna gharama za pembeni. Nimefanya kazi ya mionzi thieta kwa miaka mingi. Kazi yangu ni kusukuma mashine hadi mezani na kubonyeza daktari anaposema "piga". Kwa nilivyoona, swali la kwenda nalo kwa daktari ni moja: picha mtakayopiga nikiwa mezani itabadilisha nini?

Likiulizwa kwa adabu halimuudhi mtu. Mama mmoja aliliuliza hivi wodini, mbele ya daktari ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa mwisho:

"Samahani, dokta mwanangu, naomba kuuliza."

"Shikamoo mama. Uliza tu."

"Marahaba. Hiyo mashine mliyosema ya mjukuu wangu, itasaidia nini ambacho bila yenyewe kisingewezekana?"

"Mama, mfupa wake umevunjika karibu na nyonga. Nikiweka skrubu bila kuona, inaweza kupitiliza ikaingia kwenye kiungo. Kwa mashine nitaiona inakoelekea kabla haijafika."

Basi. Bibi akasaini fomu ya ridhaa akijua anasaini nini. Ukijibiwa "ni ya kisasa tu, mama", bado hujajibiwa. Uliza tena.

Tuanze na mifupa, maana ndiko picha za mezani zinakotumika sana kwetu, na bodaboda haziachi kutuletea kazi. Mashine yenyewe, C-arm, ambayo wengi huitamka siamu, ni mkono wa chuma wenye umbo la herufi C, umefungwa kwenye magurudumu. Upande mmoja kuna tyubu inayotoa mionzi, upande wa pili kipokezi, mgonjwa analala katikati. Mkono unazungushwa juu, chini na pembeni bila kumgusa.

Chukua kijana aliyevunjika paja. Matibabu ya kawaida ni kupitisha chuma kirefu kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wenyewe, kisha kukifunga juu na chini kwa skrubu zinazopenya mfupa, zikapita kwenye tundu la chuma, zikatokea upande wa pili. Tundu hilo ni jembamba kuliko kalamu ya wino, limo ndani ya mfupa, na mfupa umo ndani ya nyama ya paja. Hapo ndipo daktari anapoomba picha. Ninaulaza mkono wa mashine pembeni hadi tundu lionekane duara kamili kwenye skrini. Likionekana limerefuka, pembe si sahihi, na keekee ikipita hapo itakosa. Nasogeza sentimita moja. "Piga." Bado limerefuka. Nasogeza tena. "Piga." Duara. Daktari anaweka ncha ya keekee katikati ya duara na kutoboa.

Ndugu wengi hudhani ikishapigwa picha moja mambo yamekwisha. Eksirei ni kivuli. Simamisha vidole viwili mbele ya taa, kimoja nyuma ya kingine: ukutani vitaonekana vimegusana hata kama kati yake kuna shubiri nzima. Ndivyo skrubu iliyochomoza nje ya mfupa kwa mbele inavyoweza kuonekana imetulia ndani kabisa kama picha imepigwa kutoka mbele. Kwa sababu hiyo mashine huzungushwa na picha ya ubavu hupigwa pia. Ukiambiwa upasuaji ulichelewa kwa ajili ya picha, usidhani watu walikuwa wanapiga soga.

Sasa jambo ambalo wauza mashine hawalitangazi. Mwaka 1999 daktari wa mifupa Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha mjini Richland, jimbo la Washington, shirika linaloitwa SIGN, kwa ajili ya kutengeneza chuma cha paja na muundi kinachoweza kufungwa bila siamu kabisa. Nje ya mguu kunakaa fremu iliyoungwa na chuma kilicho ndani, yenye matundu yanayolingana na yale yaliyofichika. Daktari anatoboa kwa kufuata fremu hiyo, kisha anaingiza kijiti chembamba cha chuma na kusikia kwa mkono kwamba kimezama kwenye tundu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni miongoni mwa hospitali zinazokitumia chuma hiki, na hospitali zinazokipokea hutuma taarifa na eksirei za wagonjwa wao ili matokeo yafuatiliwe.

Kwa hiyo ukiwa hospitali ya mkoa ukaambiwa "C-arm hatuna, ila tuna SIGN", usikodi gari usiku huohuo kumkimbiza mgonjwa mjini. Uliza kwanza mfupa umevunjikia wapi na daktari amezoea kiasi gani kufunga chuma hicho. Paja lililovunjika katikati huvumilia kufungwa bila picha ya mezani. Shingo ya paja kwenye nyonga, uti wa mgongo na fupanyonga ni sehemu ambazo makosa ya milimita chache yanaleta ulemavu, na huko mimi binafsi ningesubiri mashine au rufaa, hata kama ni kulala wodini wiki nyingine.

Tuje kwenye mionzi. Hapa nitakawia, kwa kuwa inawatisha wagonjwa pasipo sababu na kuwadhuru wafanyakazi kwa uzembe. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani. Kufikia Februari 1896, daktari wa Birmingham, Uingereza, John Hall-Edwards, alishapiga picha ya kumwongoza mpasuaji. Hakuna aliyejua kujikinga. Ngozi ya mikono yake ikaanza kuoza taratibu, na mwaka 1908 mkono wa kushoto ukakatwa. Angalia ni nani aliyeumia: mwendeshaji aliyesimama karibu na tyubu siku baada ya siku, wala si mgonjwa aliyelala pale mara moja. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo.

Kila mtu duniani hupokea, kwa wastani, milisiveti 2.4 za mionzi kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula. Picha moja ya kifua haifiki 0.1. Upasuaji wa kawaida wa mfupa wa mkono au mguu huongeza kidogo tu juu ya kile unachopokea bila kujua. Upasuaji mrefu wa uti wa mgongo na uzibuaji wa mishipa ya moyo ni habari nyingine. Hapo kipimo kinaweza kupita cha mwaka mzima, na una haki ya kuuliza kwa nini unahitajika na kama kuna njia nyingine. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba faida inazidi sana hatari. Sawa, lakini lisemwe.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aseme mapema kama ana mimba, au hata kama siku zake zimechelewa na hana uhakika. Asione haya wala asingoje kuulizwa. Kipimo cha mkojo ni cha dakika chache, na upasuaji usio wa dharura unaweza kupangwa upya. Mzazi wa mtoto mdogo aulize kama mashine itawekwa kwenye kipimo cha watoto. Na kwa wale wanaokunywa maziwa baada ya eksirei ili "kutoa sumu": maziwa ni mazuri, nywa, ila hakuna cha kutoa. Mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini.

Wauguzi na madaktari wanafunzi wanaosoma haya, ninyi ndio mnaohusika zaidi. Mionzi mingi inayowafikia inaruka kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, hivyo tyubu ikae chini ya meza kila inapowezekana, na ninyi mrudi nyuma. Ukitoka nusu mita ukaenda mita moja, unachopokea kinashuka hadi karibu robo. Hatua moja ya mguu! Aproni ya risasi itundikwe kwenye hanga. Ikikunjwa na kutupwa kwenye kiti, risasi hupasuka ndani na wewe huoni, unaendelea kuivaa kwa imani. Beji ya kupima mionzi ivaliwe, isikae droo. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na huwezi kujua umefikia wapi kama beji yako imelala. Tanzania wasimamizi wa mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomu. Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Mgonjwa naye anaweza kusoma ukutani kama chumba cha mionzi kina kibali. Sisi tunaofanya kazi humo hatuchukii kuulizwa.

Tumboni mara nyingi kinachotumika si mionzi, ni kamera. Mwaka 1985 Erich Mühe, daktari wa Böblingen, Ujerumani, alitoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo, na wenzake wakaipokea kazi yake kwa baridi. Miaka miwili baadaye Philippe Mouret alifanya hivyo mjini Lyon, Ufaransa, na njia ikaenea dunia nzima. Faida yake haina ubishi: kidonda kidogo, maumivu machache, mtu anarudi kazini mapema. Lakini kamera huonyesha kilicho mbele yake tu, na vidole vya daktari havigusi kitu. Ajali inayoogopwa kuliko zote ni kukata mrija mkuu wa nyongo ukidhaniwa ni ule mdogo wa kifuko. Hutokea kwa nadra, chini ya mgonjwa 1 katika 100, ila anayepatwa nayo huzunguka hospitali kwa miaka.

Kupunguza ajali hiyo kuna dawa ya kijani iitwayo indosianini, ambayo madaktari wanaijua tangu miaka ya 1950. Ikichomwa mshipani, ini huinyaka na kuimwaga kwenye nyongo. Kamera yenye mwanga wa infraredi ikiielekea, mirija ya nyongo inang'aa kwenye skrini kabla mkasi haujakaribia. Dawa hiyohiyo huonyesha kama utumbo uliounganishwa unapata damu ya kutosha: palipo na damu panang'ara, pasipo na damu panabaki giza, na daktari anakata pale panapofaa badala ya kukisia. Ikiwa hospitali yako inayo, vizuri. Ikiwa haina, usiidai. Daktari makini ana njia nyingine ya kujiridhisha, na njia kuu kati ya hizo ni kutokata chochote mpaka mirija yote ionekane wazi.

Kuna jambo linaloleta ugomvi usio wa lazima kwenye korido. Mgonjwa aliahidiwa matundu madogo, anatoka thieta na kidonda kirefu. Ndugu wanasema daktari ameshindwa. Mara nyingi ni kinyume chake: damu ilifunika kamera, au viungo vimegandamana, na daktari akaamua kufungua ili aone kwa macho yake. Ukikubali kamera umekubali pia uwezekano huo, na kwa kawaida umeandikwa kwenye fomu. Uusome kabla ya kusaini, na mweleze anayengoja nje.

Kwenye ubongo ndiko teknolojia inakosifiwa kupita kiasi, na ndiko pia inakofanya maajabu ya kweli. Mgonjwa hupigwa MRI kabla, picha zinaingizwa kwenye kompyuta, na wakati wa upasuaji skrini inamwonyesha daktari ncha ya kifaa chake iko wapi ndani ya kichwa. Kasoro ni kwamba picha ile ni ya jana. Fuvu likifunguliwa, maji yanayouzunguka ubongo hutoka, ubongo unazama, wakati mwingine kwa sentimita moja au zaidi, na ramani ya kompyuta haijui. Kwa sababu hiyo mwaka 1994 Hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston ilianza kupasua ndani ya MRI yenyewe, mashine iliyokuwa na pete mbili na nafasi kati yake ya madaktari kusimama, na vifaa vyote ikabidi viwe vya madini yasiyovutwa na sumaku. Ni ghali mno. Hospitali nyingi hutumia altrasaundi juu ya ubongo ulio wazi, ambayo inagharimu sehemu ndogo tu ya bei hiyo na inaonyesha hali ya sasa hivi.

Wapo pia wanaopewa dawa ya kunywa iitwayo 5-ALA saa chache kabla ya upasuaji. Uvimbe mbaya wa ubongo hung'aa rangi ya waridi chini ya mwanga wa buluu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa uvimbe uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida. Miezi sita baadaye, walioishi bila uvimbe kukua tena walikuwa asilimia 41 dhidi ya 21. Lakini tofauti ya urefu wa maisha kwa jumla haikuthibitika. Taarifa ya namna hii ndiyo unayostahili kupewa kabla hujauza kiwanja kwenda nje ya nchi: nini kinaongezeka, kwa kiasi gani, na nini hakibadiliki. Na ukipewa dawa hiyo, ukae mbali na jua na taa kali kwa saa 24 au zaidi kama utakavyoelekezwa, maana ngozi inaungua upesi.

Ukitaka kuona picha inavyobadilisha maisha, nenda Mbale, Uganda. Watoto wachanga wenye kichwa kikubwa kwa kujaa maji walikuwa wakitibiwa kwa mpira unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huziba. Ukiziba na mtoto yuko kijijini, mvua imekata barabara, hana siku nyingi. Dkt. Benjamin Warf, akiwa katika hospitali ya watoto ya CURE mjini humo, aliendeleza njia ya kuingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo wa mtoto mchanga, kutoboa njia mpya ya maji na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, bila kuacha mpira wowote. Utafiti uliofanywa Uganda kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 haukuona tofauti ya maendeleo ya akili baada ya mwaka mmoja kati ya waliofanyiwa hivyo na waliowekewa mpira. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi kamera haina maana. Mimi nayasoma tofauti: akili inakua sawasawa, na wazazi wa upande wa kamera hawakeshi wakiogopa mpira kuziba. Ukiwa na mtoto wa hali hii, uliza kama anafaa kwa kamera. Si wote wanaofaa, na umri na chanzo cha maji vinahusika.

Kwenye moyo sitakaa sana. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na vituo vingine, mishipa huzibuliwa kwa waya unaopita mkononi au kwenye kinena, na kila kitu kinafanyika kwa kutazama skrini. Dawa inayoonyesha mishipa ina iodini na hutolewa na figo. Sema kama una ugonjwa wa figo, kama una kisukari na unameza metformini, kama uliwahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya dawa kama hiyo. Watu wa pwani huniambia, "Mimi pweza na kamba vinanidhuru, kwa hiyo dawa hiyo siiwezi." Utaje mzio huo, kwa kuwa kila mzio unaandikwa, lakini usikimbie kipimo kwa ajili yake, maana kinachodhuru kwenye vyakula hivyo ni protini, wala si iodini.

Kuna matumizi ya picha ambayo hayaandikwi magazetini. Vitambaa vya gozi vinavyotumika thieta vina uzi wa buluu ndani yake. Uzi huo unaonekana kwenye eksirei. Muuguzi akihesabu kabla ya kufunga akakuta kimoja kimepungua, na hakipo sakafuni wala kwenye ndoo, ninaitwa na mashine, na tunatafuta uzi tumboni kwa mgonjwa. Ni mashine ileile, lakini hapo inamwokoa mtu na upasuaji wa pili.

Lipo na lingine la bei ndogo zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi ya upasuaji yenye vipengele 19. Kimoja kati ya vile vinavyosomwa kwa sauti kabla ya kukata kinauliza: picha muhimu za mgonjwa zimewekwa mahali zinapoonekana? Hospitali nane duniani ziliijaribu orodha hiyo, na moja ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele hicho cha picha kinamhusu mgonjwa moja kwa moja, kwa sababu mara nyingi picha ziko nyumbani kwake, nyuma ya kabati.

Njoo nazo zote. Filamu za zamani, CD, ripoti ya sitiskani ya hospitali nyingine, hata ile ambayo uliambiwa haionyeshi kitu. CD ifunguliwe kwenye kompyuta ya hospitali siku moja kabla, kwa kuwa asubuhi ya upasuaji ndipo inapogundulika kuwa haisomeki. Angalia jina lako liko sahihi. Akina Asha Juma wako wengi wodini. Daktari akikuchora kalamu kwenye mguu utakaopasuliwa, uwe macho, thibitisha kwa mdomo kuwa ndio wenyewe, na ukioga usiusugue mchoro. Pete, bangili, hirizi zenye chuma na shanga za nywele zenye waya vibaki kwa ndugu. Huzuia picha na kwenye umeme wa kuunguzia huweza kukuunguza.

Kuhusu fedha, uliza kabla ya kulazwa kama bei uliyotajiwa imejumuisha matumizi ya mashine, dawa za kuonyesha, na chuma chenyewe. Wenye bima wapate jibu la maandishi kama kipengele hicho kinalipiwa. Neno la mhudumu wa dirishani halitakusaidia siku ya kuruhusiwa. Uliza pia umeme ukikatika katikati ya kazi kuna nini: jenereta inabeba mashine hiyo, au taa tu? Nimeona maswali haya yakiwaudhi wahasibu zaidi ya madaktari. Kwa anayefikiria India au kwingineko, aombe ripoti yake isomwe kwanza na bingwa wa hapa, kisha amuulize bingwa huyo swali letu lilelile. Akisema "wao wana kipimo cha mezani ambacho kingebadilisha mahali pa kukata", hilo ni jibu. Akisema "majengo yao ni mazuri", nalo ni jibu.

Kamera zinarekodi. Video ya upasuaji wako inaweza kufundishia wanafunzi, jambo jema, lakini ridhaa ya kupasuliwa si ridhaa ya kuonyeshwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukitaka jina na sura vifichwe, sema na iandikwe.

Kabla ya kuruhusiwa, omba nakala ya picha ya mwisho iliyopigwa mezani. Mashine nyingi zisipoelekezwa kuhifadhi hufuta picha zinapozimwa, kwa hiyo mwambie daktari siku moja kabla kwamba utaihitaji. Chuma huja na vibandiko vyenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba. Kimoja hubandikwa kwenye faili lako, nawe kipige picha kwa simu. Miaka kadhaa baadaye daktari mwingine, katika mji mwingine, anaweza kutaka kukitoa chuma hicho, na atahitaji kujua ni bisibisi ya aina gani inayokifungua. Filamu usiikunje wala usiiache kwenye gari juani. Iweke kwenye bahasha, juu yake andika tarehe, jina la hospitali na upande uliopasuliwa, kisha mwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali ulipoiweka.